Jezi za Sufu

Vita vya serikali na wapiganaji wa porini vilipoanza, kaka yangu alikosa kazi ya miguu yake. Tangu utotoni alikuwa akiswaga ng'ombe wa baba kutoka pande za Habaswein mpaka mnada wa Garissa, kisha anarudi, kisha anakwenda tena. Sasa njia zilifungwa. Hukusafiri bila karatasi yenye muhuri, malori yalikwenda kwa msafara na askari mbele na nyuma, na jua likizama kila mtu awe ndani ya nyumba yake. Mnada wenyewe ulikuwa kama kinywa cha mzee, jino hapa, pengo pale. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mapaja kama ya ngamia, akawa anashinda barazani kwetu akipigana na nzi. Mama alisema huyu akiendelea hivi ataoa mkeka.

Ndipo akaunda timu ya mpira.

Aliwakusanya wenzake waliokuwa na ugonjwa uleule wa kukaa: wachinjaji wawili watatu, fundi cherehani, kijana mmoja wa hoteli ya chai aliyejua kukimbia na trei bila kumwaga, na mwalimu wa chuo cha Kurani ambaye alikuwa mpole siku zote ila akiwa beki. Walicheza alasiri, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maduka, na walicheza kwa haraka maana kafyu haingoji filimbi ya refa.

Mimi nilikuwa nafanya kazi hospitalini, msaidizi wa wauguzi, lakini hasa nilichoajiriwa nacho ni mdomo. Baba yetu ni Msomali wa Garissa na mama ni mtu wa Lamu, kwa hiyo nyumbani tulilelewa na lugha mbili zilizokaa kama wake wenza: zinasalimiana, zinaazimana chumvi, na kila moja inajiona ndiyo mwenye nyumba. Wagonjwa walisema kwa Kisomali, mimi nikasema kwa Kiswahili, na sista akaandika kwa Kiingereza. Sista huyo alikuwa Mzungu, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, asiyependa kofia wala kelele. Kiswahili chake alikijifunzia bara na kilikuwa cha kuamrisha tu, lala, meza, pumua. Alipotaka kusema jambo la moyoni alikwama, akanitazama, kana kwamba hata hilo ningeweza kumtafsiria.

Baba hakuwapo siku zile. Alikuwa Kotile na wanyama wetu waliobaki, na habari zake zilitufikia kwa kuchelewa na kwa kupindwa, mara mzima, mara kakamatwa, mara kaonekana Masalani ananunua majani ya chai. Mama aliamini ile ya majani ya chai. Pahali pa baba alisimama ndugu yake mdogo, adeer wetu, yaani baba mdogo, mwenye duka la sukari, chai, kitambaa na misumari. Adeer hakuwahi kupiga mpira maishani mwake. Lakini alikuja kutazama mazoezi siku moja, akakaa juu ya debe lililopinduliwa, na kuanzia siku hiyo hakukosa hata mara moja. Alipiga mayowe kuliko mtu yeyote uwanjani, na mara nyingi alishangilia upande usiokuwa wake.

Basi mkuu wa wilaya akaleta wazo kwamba timu ya mji icheze na timu ya askari wa kambini. Aliona mpira utapoza nyoyo. Alikuwa mtu wa sehemu za baridi na pengine hakujua kwamba Garissa hakuna kitu kinachopoa upesi. Lakini ruhusa ikatoka, siku ikawekwa, na mji mzima ukapata la kuzungumza lisilokuwa nani kachukuliwa na nani karudi.

Shida ikawa mavazi. Askari walikuwa na jezi zao za kijani, zimepigwa pasi. Wetu walivaa kila mtu alichokuwa nacho, na wengi walikuwa na fulana nyeupe, kama watazamaji. Kwenye mazoezi ya wiki hiyo fundi cherehani alimpasia mpira mtu aliyekuwa amesimama pembeni anauza miswaki. Yule bwana naye, maskini, akaurudisha vizuri kabisa.

Adeer akasema atanunua jezi. Hakuna aliyemwomba. Alisema timu ya Garissa haiwezi kusimama mbele ya serikali ikiwa imevaa nguo za ndani.

Adeer alikuwa mwangalifu katika biashara, na kwa sababu hakuziamini bidhaa za Nairobi alitaka kuagiza kwa jina la Kiingereza, ili mwenye duka asije akamletea kitu duni akasema hukutaja sawasawa. Akaenda kwa afisa mifugo, jirani wa duka lake, kijana mchangamfu kutoka upande wa Nakuru, akamwuliza jezi kwa Kiingereza inaitwaje. Afisa akamwambia ni Jersey, na jezi ni neno hilohilo lililokaa mdomoni mwa Waswahili likakatika mkia. Kisha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ng'ombe na alikuwa na hamu ya kuwazungumzia, akaongeza kwamba yeye akisikia Jersey haoni nguo, anaona ng'ombe.

Nilikuwapo dukani, nimefuata sabuni. Adeer, ambaye aliwajua ng'ombe kabla ya kujua kusimama, aliweka mizani chini. Afisa akamweleza kwamba ni ng'ombe mdogo wa Kizungu, rangi ya kahawia kama tende, macho makubwa, na maziwa yake yakitulia usiku kucha asubuhi unakuta malai unene wa kidole. Adeer akasikiliza kwa heshima yote. Kisha akauliza ng'ombe huyo anaweza kutembea mpaka wapi bila maji. Afisa akakiri kwamba anakunywa asubuhi na jioni, na jua kali halimfai.

"Huyo si ng'ombe," adeer akasema kwa upole. "Huyo ni mgonjwa. Mbelekeni hosbitali."

Lakini neno alilishika. Alimfundisha dereva wa lori aliyekuwa anaondoka na msafara, akamkaririsha kama mtoto wa chuo: Jersey, nyekundu, za wanaume wazima, za kutosha timu. Dereva aliondoka analitamka, na wenzake walitusimulia baadaye kwamba hakuliacha mpaka Mwingi.

Msafara ulirudi baada ya muda, umechelewa, umejaa vumbi. Robota letu lilikuwa limekaguliwa njiani. Askari waliogopa kila kitu kilichofungwa, wakalichoma kwa chuma ili wajue lina nini, na hivyo kabla ya kulifungua tulishajua jezi mojawapo ina tundu. Timu nzima ilikuwa dukani. Adeer alikata kamba mwenyewe.

Zilikuwa nyekundu, hilo hatukuweza kulalamikia. Zilikuwa za wanaume wazima. Zilikuwa pia za sufu, nzito, zimefumwa nene kama tandiko la ngamia, mikono mirefu yenye pindo, na shingo inayopanda mpaka kwenye masikio. Kumbe ilikuwa Julai. Nairobi huko watu walikuwa wanatetemeka, na yule mwenye duka, aliposikia mtu wa lori anasema Jersey za wanaume, alimpa kitu kile ambacho Mzungu akisema Jersey anakusudia. Hakumdanganya hata kidogo.

Kaka alichukua moja akaivaa, kwa adabu, kwa kuwa adeer alikuwa anamtazama. Alisimama nayo pale katikati ya duka, mchana, Garissa. Tuliliona jasho likitokea juu ya mdomo, kisha kwenye paji, kisha likaanza kushuka. Kijana wa hoteli aligeuka ukutani mabega yakimcheza.

"Watafaa," adeer akasema.

Sasa adeer, kama wazee wengi wa kwetu, akisema v ilitoka f. Hatukujua kama anasema vijana watavaa au vijana wenyewe watafaa, na hatukuthubutu kumwuliza, lakini kwa vyovyote vile ilikuwa amri.

Kesho yake nilichukua ile yenye tundu nikaenda nayo hospitalini. Nilitaka kujua kwa mwenye lugha kama kweli hii ndiyo jezi, au tumepunjwa. Asubuhi ilikuwa tulivu. Sista alikuwa anakunja bendeji mezani. Nilimwekea nguo mbele yake nikamwuliza kitu hiki kwao kinaitwaje.

Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono ya bega, akaileta puani akainusa. Nilikaa mwaka mzima na mwanamke yule, nilimwona akishona vidonda vya watu bila uso wake kubadilika, na sasa ulibadilika.

Aliniambia inaitwa Jersey, na kwamba Jersey si nguo. Jersey ni kwao.

Nilikuwa nadhani yeye ni Mwingereza tu, kama wote. Akasema hapana, ametoka katika kisiwa kidogo, karibu zaidi na Wafaransa kuliko Waingereza, ambacho ukitaka unakizunguka kwa miguu kwa siku moja mbili. Wanawake wa huko walikuwa wakifuma sufu tangu enzi za mababu, wakiwafumia wavuvi nguo za baharini, na nguo ikabeba jina la kisiwa ikaenda nalo duniani. Alisema zamani sana hata wanaume walishika sindano, kisiwa chote kikafuma, mpaka mavuno yakakosa watu na ikabidi itungwe sheria ya kukataza kufuma wakati wa kuvuna. Hapo alicheka, na mimi nikacheka, nikimwaza mwalimu wa chuo na sindano za kufumia. Nikamwuliza na ng'ombe je. Akashangaa nimemjuaje. Akasema ndiyo, na ng'ombe naye ni wa hukohuko.

"Na wachezaji wa mpira?" nikamwuliza.

Akasema Waingereza walipoanza mchezo ule walicheza na nguo za sufu kama hizi, kwa sababu kwao mvua na baridi haziishi. Baadaye nguo ikawa nyepesi, jina likabaki. Kwa hiyo adeer wangu, akasema, hakukosea. Ameagiza jezi ya asili.

Nilidhani amemaliza. Nikaanza kuikunja nguo, naye akaiwekea mkono juu.

Alisema alipokuwa msichana, katika ile Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walikiteka kisiwa. Walikaa miaka. Kiswahili chake cha kuamrisha kilimwishia, akachanganya na Kiingereza, nami nikamfuata polepole. Ikawekwa kafyu. Kila mtu akapewa kitambulisho. Redio zilichukuliwa, na baba yake akaificha ya kwao ndani ya banda la kuku, akawa anakwenda kuokota mayai mara nyingi kuliko kuku walivyotaga. Askari waliingia nyumbani kupekua. Sufu mpya haikupatikana, basi mama yake alifumua jezi ya baba akamfumia yeye. Alipokua yeye, mama akaifumua tena akaongeza uzi wa soksi. Na mara ya tatu ikawa ya mdogo wake.

Nilimsikiliza nikiwa nimesimama. Wiki hiyohiyo askari walikuwa wamepita mtaani kwetu, wamemwaga unga wetu sakafuni wakitafuta sijui nini, na mama aliukusanya na kuuchekecha. Nikamwambia sista maneno ambayo sikuyapanga.

"Nilidhani nyinyi mnaweka kafyu. Sikujua mnawekewa."

"Nami nilidhani," akasema, "kwamba kafyu sitaiona tena."

Mgonjwa aliletwa, tukaenda. Lakini kuanzia siku ile alikuwa akinisalimu asubuhi kwa "nabad", neno la Kisomali la amani, na matamshi yake yalikuwa mabaya sana, na kila mtu wodini alimjibu kwa furaha.

Nilipeleka habari nyumbani. Sikuipeleka yote, ile ya Wajerumani niliiweka kwanza. Niliwaambia tu kwamba jezi ni jina la kisiwa, na wenyewe wa zamani walicheza mpira na sufu hii hii. Adeer alikaa wima. Akaniambia nirudie mbele ya timu, nikarudia. Akataka nirudie mbele ya afisa mifugo pia. Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kusema jezi za adeer ni masweta. Hata hivyo kaka aliomba angalau mikono iondolewe, maana hiyo hata watu wa kisiwani wangeelewa.

Mama alishaleta mkasi. Kwa bahati sista alikuwa amenionya: sufu ya kufuma ukiikata inafumuka yote, unabaki na rundo la uzi na mtu uchi. Ilitakiwa kutafuta mshono wa bega na kuutoa taratibu. Siku mbili tatu alasiri alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa mkekani na miguu yake mirefu ameikunja kama ngamia anayepakiwa, akatuonyesha. Mama akamfahamu upesi. Hawakuwa na lugha ya kutosha baina yao lakini walikuwa na uzi, na walibishana kwa uzi, huyu akivuta hivi, yule akirudisha vile. Mikono yote ikatoka. Uzi wa mikono hiyo sista aliuchukua akawafumia watoto wachanga wa hospitalini kofia ndogo nyekundu, na kwa muda mrefu ukiona mtoto wa Garissa na kofia ya namna hiyo ulijua amezaliwa lini.

Siku ya mechi jua lilikuwa limekasirika. Watu walijaa uwanja kuanzia adhuhuri. Hata wanawake, tukasimama upande wetu na buibui zetu na shuka zetu. Askari wenye bunduki walizunguka kwa nje, na wenzao wenye jezi za kijani walikuwa wanaruka ruka kupasha miguu. Mkuu wa wilaya alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli.

Wetu walichelewa kutokea kwa sababu adeer alikuwa amepata wazo. Nyumbani mtungi ukiuvisha gunia lililoloweshwa, maji yanapoa. Basi akasema kama gunia lowevu hupoza maji, sufu lowevu itapoza mtu. Akaleta karai kubwa na madebe ya maji ya mto, akalowesha jezi zote, akawavisha vijana zikiwa zinatiririka. Waliingia uwanjani wanamwaga maji kama watu waliookolewa mto Tana. Askari wakacheka kwa sauti, na sisi tukaumia.

Lakini ilikuwa kweli. Kipindi cha kwanza wetu walicheza kama watu walio kivulini. Upepo ukipita kwenye ile sufu, kaka aliniambia, ilikuwa raha kama kusimama mlangoni mwa mtungi. Wenzao wa kijani walikuwa wanahema. Mwalimu wa chuo alimsimamisha fowadi wao mara kwa mara, kila mara akimwomba radhi. Wakapata bao moja, nasi tukapata moja, na bao letu bado linasimuliwa. Kaka alipata mpira akatoka mbio. Beki wa askari alimkamata jezi mgongoni. Sufu lowevu inanyumbuka. Kaka akaendelea kukimbia na jezi ikaendelea kurefuka, yule beki amesimama pale ameshika pindo na haamini macho yake, na kati yao nguo nyekundu imevutika kama ulimbo. Alipoiachia ilimrudia kaka kwa nyuma ikampiga kofi, na kwa kofi hilo nadhani ndipo alipopiga shuti.

Baada ya hapo jezi yake ilifika magotini. Za wengine nazo zilianza kushuka kwa uzito wa maji. Ukitazama kwa mbali ungedhani ni wanawake wekundu wanafukuza kuku.

Kipindi cha pili ndipo lilipotokea lile. Mwenye duka la Nairobi alituuzia sufu nzuri lakini rangi haikuwa imeshika. Maji na jasho viliichuruza. Kwanza bukta zikageuka. Kisha mistari myekundu ikaanza kushuka mapajani, kwenye magoti, mpaka vifundoni. Kijana wa hoteli aligongana na askari mmoja, wakaanguka wote wawili, na walipoinuka yule askari alikuwa na mkono mzima mwekundu na kijana anachuruzika kutoka kifuani hadi chini.

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alisema taratibu, "Wamemuua." Hakupiga kelele, na kwa sababu hakupiga kelele neno lilienda mbali. Mama yake kijana wa hoteli alitoka kwenye mstari wetu akaanza kutembea kuelekea katikati, shuka inamwanguka, na askari wa nje wakaziinua bunduki, si kwa kulenga, bali kwa kuwa tayari. Kila mtu pale alikuwa na mtu wake aliyekwisha kumwona akiwa mwekundu, au aliyekuwa akiogopa kumwona hivyo. Nilimwona mama ameshika mkono wa sista, na sista amebana midomo.

Yule askari aliyeanguka alitazama mkono wake. Akajipapasa ubavuni, hakuna kidonda. Akampapasa na kijana wa hoteli, naye hakuna. Akanusa kidole chake. Kisha, mbele ya mji wote, akakilamba.

"Ni rangi," akasema. Akageukia upande wa bunduki akasema tena, kwa sauti ya kuamuru, "Ni rangi ya nguo, wekeni chini."

Mama wa kijana alikuwa ameshafika. Alimshika mwanawe, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi, akamkamua jezi, ikatoka rangi, akampiga kibao cha bega. Akamtazama na yule askari. Akachukua ncha ya shuka yake akamfuta mkono, kwanza kwa nguvu, halafu taratibu, kama unavyomfuta mtoto. Kicheko kilianzia wapi sijui. Nadhani kwa wachinjaji. Kilizunguka uwanja, kikaingia kwa wale wa kijani, kikafika mpaka kwa walioshika silaha, na mkuu wa wilaya akafunga mwavuli wake ili apate mahali pa kuuficha uso. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja, na sikuwa peke yangu.

Mechi haikuisha. Refa alitazama jua, akapuliza filimbi, na watu wakakimbilia majumbani kabla ya kafyu, sare bao moja kwa moja. Timu yetu ilirudi nyumbani na ngozi nyekundu, na kwa siku kadhaa waliokwenda kuswali walitawadha kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Mama alizichukua jezi azishughulikie. Kwao Lamu, alisema, rangi isiyoshika huchemshwa na chumvi. Akazichemsha kwenye sufuria ya pilau, na rangi ikashika kweli. Ila jezi zilitoka ndogo, ngumu kama kofia, saizi ya mtoto wa miaka saba. Adeer aliiinua moja akaipima kwenye kifua chake. Akasema tu kwamba sasa anaelewa kwa nini yule ng'ombe ni mdogo.

Hakukuwa na mechi nyingine. Mambo yalibadilika kwa ubaya baada ya hapo. Wafugaji waliamriwa wahamie vijiji vya kulindwa, mifugo mingi ilichukuliwa au ilikufa kwa kukosa malisho, na familia zilifika mjini zikiwa na mikeka na watoto tu. Baba alifika nao. Alikuwa mzima, amekonda, anachunga ng'ombe wachache sana ambao aliwaita kila mmoja kwa jina, na mama alimkaribisha kwa kumwuliza kama alileta majani ya chai. Sista na mimi tuliwavisha zile jezi watoto waliokuja wakikohoa. Alfajiri ya porini ina baridi yake, na kifua cha mtoto hakitaki siasa.

Sista aliondoka mkataba wake ulipokwisha. Alimwachia mama sindano zake za kufumia. Adeer alimpa shuka ya rangi ya zafarani, ghali, na akamtaka amwambie mbele yetu kwao kukoje, maana alikuwa bado anakifikiria kile kisiwa. Sista akasema kuna upepo mwingi, viazi vizuri, na majirani wanaojua mambo yako kabla yako. Adeer akaridhika. Alisema hapo pia ni Garissa.

Mapatano ya kumaliza vita yalipofikiwa hatukuyasikia kwa kishindo. Siku moja tu ikatangazwa kwamba kafyu imelegezwa, mtu anaweza kutembea mjini baada ya magharibi. Jioni hiyo kaka aliniita twende mtoni. Nikamwuliza tunafuata nini, akasema hatufuati kitu. Tulipotoka tulikuta njia imejaa watu wasiofuata kitu, wazee, wanawake, watoto juu ya mabega, wote wanaelekea Tana polepole wakisalimiana nabad, nabad, kama watu waliotoka safari. Mama alisimama mlangoni akatuita kwa mazoea, akasema turudi, giza linaingia. Kisha akajisikia alichokisema. Akaingia ndani, akatoka na buibui lake na kufuli, akafunga mlango kwa nje, na akatufuata.